Kuku wa Bibi na Kamera ya Baba

Jumapili, Sofu

Nimechoka, ila nikilala bila kuandika nitaota kuku.

Asubuhi kule kijijini Masaki kwa Bibi, gari la Baba liligoma kuwaka. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Baba akamgeukia mdogo wake, kwa kuwa pikipiki ya huyo mdogo wake ililala ubavuni mwa gari. "Umechomoa nini humu?"

"Kaka, mimi nichomoe nini?" Baba Mdogo aliulizwa hivyo mbele ya Bibi, mbele ya majirani.

Na mimi nilijua. Kamera mpya ya kwenye kioo cha mbele hailali gari likizimwa. Inakula betri, na kitu chochote kikipita mbele yake inaanza kurekodi. Ina mpangilio wa kujizima betri ikishuka, ila hatukuuwasha. Karatasi ya maelekezo niliisoma mimi peke yangu. Lakini kusema mbele ya watu wote wale...

Mwishowe nikachomoa kadi ya kamera, nikaiweka kwenye simu, nikampa Baba. Kuku wa Bibi walilala juu ya boneti, wakisukumana usiku kucha. Video baada ya video.

"Haya, wapeleke polisi," Bibi akasema.

Baba hakucheka, wala hakuomba radhi. Alisema tu, "Tusukume." Baba Mdogo akasukuma kuliko wote.

Jioni hii nimempigia. "Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, wakili wangu. Ila siku nyingine wahi mahakamani."