Sauti ya Papa Ndani ya Simu

Kashebere, tarehe 14 mwezi wa pili

Kwa Dada Geneviève, Nyamitaba

Dada mupendwa,

Nakusalimia sana katika jina la Bwana wetu. Natumaini barua hii itakukuta na uzima, wewe na watoto wako watatu, na yale magoti yako ambayo najua yanakusumbua wakati wa mvua. Shekinah anaendelea na masomo? Na yule mudogo, ameacha kukohoa? Mama naye iko muzima kule Nyabiondo, nilimuona Jumapili iliyopita kisha misa. Mimi mwenyewe niko muzima wa mwili. Ya roho nitakuelezea mbele.

Utashangaa kuona karatasi. Najua utasema: fundi wa simu mukubwa vile, anaandika na kalamu kama mutoto wa primaire! Cheka tu, Mama Shekinah, uko na haki. Rezo ya simu huko Nyamitaba inakuja na kuondoka, lakini si hiyo sababu. Nataka neno hili likae fasi ambapo kidole cha muntu hakiwezi kulifuta. Nimemupa Védaste, yule mwenye pikipiki, alilete mukononi mwako, si mu mukono mwingine. Keti kwanza, kiisha uendelee kusoma.

Kazi yangu inaendelea. Meza iko palepale kando ya barabara, karibu na fasi pikipiki za kutoka Masisi zinapumzika. Watu wananiletea simu za kila ugonjwa: iliyoanguka ndani ya sufuria ya maharagwe, inayojizima yenyewe, iliyojaa picha mpaka imeshindwa kufanya kazi. Unajua mudomo wangu. Kabla ya kugusa simu ya muntu namuhubiria kama padri. Namuambia kwanza tutoe picha na majina, tuyaweke kando kwenye carte mémoire, kile kipande kidogo cha kumbukumbu. Namuuliza kama anakumbuka compte yake, yaani akaunti, na neno la siri, kwa sababu simu ikishafutwa itamudai hayo, na kama hana, itamufungia mulango. Namuambia mise à jour, yaani kuipa simu programu mupya, haifanywi na batri nusu tupu, wala kwenye pano ya umeme wa jua wakati mawingu yamefunika, kwa sababu ikikatika katikati simu inabaki bila programu ya zamani wala ya mupya. Na kufuta yote ni dawa ya mwisho, wakati zingine zote zimeshindwa. Watu wananicheka, wanasema Élysée anauliza maswali kama muntu wa serikali, lakini wanarudi. Nayaandika haya, Dada, ili ujue kwamba mimi nilijua.

Wiki mbili zilizopita mama mumoja wa hapa, Mama Adelaïde, aliniletea simu iliyokwama. Ilikuwa inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena, siku nzima vile. Alisema ndani iko picha ya mutoto wake aliyekufa na surua, picha moja tu, hana ingine. Fundi mwingine alitaka kuifuta yote, yeye akamunyanganya simu na kuondoka nayo. Niliichaji mpaka ikajaa, nikabonyeza vifungo viwili pamoja mpaka menyu ya ndani ikatokea, nikafuta tu ule uchafu wa muda, mabaki ya programu, ambao si mali ya muntu. Simu ikafunguka. Mutoto njo yule, na kofia ya sufu, anacheka. Mama Adelaïde alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya watu wote, akaniwekea mikono kwenye kichwa, akasema Mungu anibariki kwa sababu narudishia watu wafu wao. Nilifunga meza saa ine ya asubuhi nikaenda kulala.

Na juzi Papa mudogo Marcellin, mudogo wa baba yetu, alituma neno kutoka Nyabiondo kwamba kilio cha Papa, ukifika mwaka tangu kufa kwake, kitamalizwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu. Siku ile, mbele ya ukoo na majirani, watanipitisha kwenye shamba la chemchem na kupanda miti ya mipaka kwa jina langu. Kiisha hapo hakuna muntu atakayeuliza tena.

Niache nirudi nyuma, hata kama mengine unayajua kunipita, kwa sababu barua hii pengine itasomwa na watu wasiojua. Mume wako alipokufa, ulirudi Nyabiondo na watoto. Miaka mine ulimulea Papa, wakati miguu yake ilikataa. Ule mwaka wa risasi, watu wote walipokimbia, wewe njo ulimubeba mugongoni mpaka ndani ya pori, mimi nikiwa huku natengeneza simu. Shamba la chemchem lilikuwa kichaka. Wewe ulilifungua na jembe, na maharagwe yake yalitulisha sisi wote, hata mimi nilikuwa natumiwa mufuko wangu kila mavuno. Miezi miwili kabla ya kufa, Papa alimuomba Shekinah amuonyeshe namna ya kukamata sauti kwenye simu. Alimutuma mutoto inje, akasema peke yake. Kiisha akamuambia Mama kwamba neno lake juu ya mashamba liko ndani ya simu. Na kwetu neno la marehemu halifunguliwi na muntu mumoja. Linangojea ukoo wote ukae, siku ya tatu ya kilio. Kwa hiyo hakuna aliyeligusa, na mimi, fundi, njo nilipewa simu niilinde.

Kosa la kwanza ni hili. Siku ya pili ya kilio simu ilikuwa inaomba mise à jour. Kiburi kikanishika. Nilitaka kesho yake sauti isikike safi, watu waseme Élysée anajua kazi. Batri ilikuwa na kumi na nane kwa mia. Niliifunga kwenye pano ya jirani pamoja na simu kumi na moja za watu wa kilio, na mvua ilikuwa inaonekana kwenye milima ya Walikale, inakuja. Nikabonyeza. Mambo yote ninayokataza watu niliyafanya kwa siku moja, kwenye simu ya baba yangu! Mvua ikaja, moto wa pano, ule umeme wa jua, ukakatika, na simu ikakwama. Niliwaambia watu kwamba imekataa yenyewe, ni uzee. Mama alilia, akasema simu imemufuata mwenyewe. Papa mudogo akaniambia niende nayo Kashebere nijaribu.

Kiisha majuma matatu nilirudi nikasema mémoire, kumbukumbu ya simu, imeungua, ndani hakuna kitu. Ukoo ukakata maneno kwa desturi: mutoto mwanaume ni mumoja, mashamba yote mawili, la chemchem na la mihogo, ni yake. Ulivuna maharagwe yaliyobaki, ukafunga vitu vyako, ukaenda Nyamitaba kwa jamaa ya mume wako, na sasa nasikia unalimia watu ili watoto wapate kula.

Kama barua ingeishia hapa ungenisamehe, nakujua. Ungesema ni bahati mbaya, mvua haina mwenyewe. Nilitaka iishie hapa. Nimepasua karatasi mbili zilizoishia hapa.

Dada, mémoire haikuungua.

Jumapili ya pili kiisha zile siku za kwanza za kilio, muchana, watu wakiwa bado kwenye misa, niliifanyia simu ya Papa yale yale niliyokuja kuifanyia simu ya Mama Adelaïde. Niliichaji mpaka ikajaa, nikaingia kwenye menyu ya ndani, nikafuta uchafu wa muda. Ikawaka, ikamaliza kazi yake iliyobaki, ikafunguka. Picha za mbuzi zake zilikuwa pale, na sauti ilikuwa pale. Nilipaswa kuizima na kupanda pikipiki siku ileile, niipeleke kwa ukoo. Nilisikiliza peke yangu. Dakika ine.

Kiisha nilikaa na simu mukononi mpaka chai yangu ikapoa. Niliwaza kwamba muntu bila shamba zuri, huku kwetu, anahesabiwa kama mupita njia. Niliwaza kwamba mwanaume anayepitwa na dada yake atachekwa kwenye kila kilio na kila ndoa. Niliwaza mambo mengi ya upumbavu, na sikuwaza watoto wako hata mara moja. Halafu niliizima simu, nikarudi kwenye menyu. Mustari wa kufuta uchafu na mustari wa kufuta yote inafuatana, mumoja yulu, mwingine chini. Mwaka muzima nimejitayarisha kukuambia, siku ungejua, kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza. Zile simu za zamani zinakuuliza kama uko na hakika, na zinakupangia Hapana nyingi na Ndiyo moja tu, ili muntu asiifikie bure. Nilizihesabu Hapana, zilikuwa saba. Nilizipita moja moja mpaka kwenye Ndiyo, nikabonyeza.

Ilipowaka tena ilikuwa kama imetoka dukani, na neno la kwanza ilitaka compte ya mwenye simu na siri yake. Mpaka leo iko inamudai Papa. Iko ndani ya kikapu chini ya meza yangu, na kila nikiiwasha inamuuliza yeye. Nimefungulia watu simu ngapi! Ile sijaifungua, na kumupelekea fundi mwingine naona haya. Niliuliza mafundi wawili wa Goma, nikisema ni mambo ya muntu mwingine, kama sauti iliyofutwa vile inaweza kurudi. Wote walisema hapana. Maji yakimwagika hayazoleki. Imebaki kichwa changu tu njo kinayajua maneno ya Papa, na ni kichwa cha muongo.

Nimekwisha kumuambia Mama, Jumapili hii iliyopita kisha misa. Hakunitukana. Aliniangalia, kiisha akarudi kuchambua maharagwe yake. Afadhali angenitukana.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu nitasimama mbele ya ukoo niseme yote. Lakini mimi ni muoga, na wewe sasa umesikia namna gani. Kama ulimi wangu utashikwa mbele ya Papa mudogo, umupe catéchiste barua hii aisome kwa sauti, kutoka yulu mpaka chini, na mimi nikiwa nimesimama pale. Nimeweka jina langu kwenye kila ukurasa. Usiipige picha kiisha ukatupa karatasi. Kuja na watoto wote, na kuja na jembe lako. Msamaha sikuombi mu barua. Nitauomba nikikuangalia, na ukinikatalia ni haki yako.

Sasa sikia maneno ya Papa. Niliyasikia mara moja tu, lakini hayajatoka ndani yangu. Alianza na kukohoa, na kwa nyuma nilisikia jogoo, na wewe unamuita Shekinah alete maji. Alisema kwamba yeye, Pierre Byamungu, akili zake zikiwa zima, anaacha shamba la chemchem kwa Geneviève, lake na la watoto wake, kwa sababu alimubeba mugongoni wakati wengine walibeba magodoro. Alisema shamba la mihogo la yulu ni la Élysée, asilizarau, udongo wake ni muzuri. Alisema anajua watu watapinga kwa sababu Geneviève ni mwanamuke. Halafu alinyamaza, nikafikiri imekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Alisema hana wasiwasi, neno lake analiacha ndani ya simu kwa sababu simu itafika mu mikono ya Élysée, na Élysée hapotezi kitu cha watu.

Hapo njo ilikatika.

Nakuachia hapa, Dada, karatasi inaisha. Unisalimie watoto, mumoja mumoja kwa jina lake, na jamaa wote waliokupokea huko Nyamitaba, uwaambie aksanti yangu hata kama haina uzito. Mungu akulinde njiani siku ile ya kuja. Na Shekinah umuambie kwamba alimufundisha babu yake vizuri. Sauti ilikuwa safi kabisa.

Ni mimi ndugu yako,

Élysée Byamungu
mutoto wa Pierre na Euphrasie