Mashine ya Mama Iliyoshonwa kwenye Pindo

Kirewa,
Wilaya ya Tororo.
Jumatatu, 16 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Daphine,

Hujambo huko Manchester? Kifua kimepona? Na ile baridi uliyokuwa ukiilalamikia imepungua? Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu, ila mvua imezidi na maharage ya shemeji yako Opendi yanaozea shambani. Watoto wako shuleni. Mama yuko hapa kwangu tangu Pasaka. Anakula vizuri, analala vizuri, masikio ndiyo yale yale, hayasikii kitu.

Usishangae kuona kalamu wakati simu zipo. Kwenye simu hushiki. Tangu siku ile nilipokufokea ukanikatia, nikipiga inaita mpaka inachoka. Barua hii nimempa Barbara, binti wa Mwalimu Matayo, anayerudi huko chuoni, akuwekee mkononi. Barua haikatwi, mdogo wangu. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nataka kukueleza kilichoupata ule mzigo wako, maana kila nilipoanza ulisema nakulaumu. Ni kweli, nakulaumu.

Sijasahau kwa nini ulinunua mashine ya masikio. Ni ile siku ulipokuwa mgonjwa ukalia kwenye video, Mama akaona meno tu, akadhani unacheka, akakujibu kwamba amekula. Iliniuma hata mimi. Lakini hebu niambie: mashine ya masikio ina kosa gani? Daktari wa Tororo alimpima Mama, vipimo tukakutumia, wewe ukanunua kwa jasho lako la kuwaogesha wazee wa watu. Ungeiacha kwenye boksi lake, ukaandika juu ni nini, basi. Lakini wapi! Ukaitoa kwenye boksi, ukaishonea ndani ya pindo la gomesi, lile vazi refu la mshipi wanalovaa mama zetu, ukaandika "nguo za mama".

Daphine! Nani alikutuma? Najua tumekua tukimwona Mama akivuka mpaka pale Busia na sabuni zimejaa chini ya mshipi wa gomesi, anatembea pole pole kama mjamzito. Lakini Mama alikuwa anakwepa ushuru wa sabuni. Wewe ulikuwa unakwepa nini?

Siku hizi mizigo inamulikwa. Watu wa forodha wakaona gomesi, na ndani ya gomesi waya na betri. Unadhani waliwaza masikio?

Hata hapo mambo yangeweza kuisha, kama usingeandika kwamba mpokeaji ni binamu yetu Odwori. Najua vitu vyetu vya kutoka nje vimezoea kupitia dukani kwake, upande wa Kenya, naye ni mtu mwema. Lakini ni mtu wa mpakani kama wewe, na hukumwambia chochote kuhusu mashine. Alipoitwa, afisa akamwonyesha picha ya kile kidude na kumwuliza ni cha nani. Odwori hakungoja hata swali liishe. "Hiyo si yangu, afande. Mimi sijui hiyo kitu." Akarudi dukani kuuza unga, akiamini ametuokoa sisi sote.

Basi mzigo ukawa hauna mwenyewe. Na mzigo usio na mwenyewe unatupwa stoo, ukikaa sana unapigwa mnada. Fikiria, mashine iliyotegeshwa kwa masikio ya Mama tu, inunuliwe na mtu anayetaka betri!

Nikaanza safari za Busia. Leo mwenye ufunguo yuko mkutanoni. Kesho mtandao umelala. Siku nyingine naambiwa anayetakiwa ni Odwori, jina ni lake. Nikamleta Odwori, wakamwuliza imekuwaje kitu kisicho chake kimekuwa chake. Akaanza kutetemeka midomo, nikamrudisha dukani mwenyewe. Mimi nikaambiwa ni Mganda, mzigo uko Kenya, una jina la Mkenya, umetoka Uingereza, kwa hiyo nahusika wapi? Nilitaka kulia pale pale, nikawaonea aibu madereva wa malori.

Mwishowe nikamchukua Mama mwenyewe, nikampandisha pikipiki na gomesi lake la kanisani, nikamkalisha mbele ya afisa kijana aitwaye Omoding. Omoding akamwuliza kama anaujua huu mzigo. Mama akatabasamu, akajibu kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, "Nimekula, mwanangu, asante!" Akamwuliza jina. "Nimekula!" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Yule kijana alifungua droo, akachukua mkasi, akafumua pindo la gomesi ulilotuma, taratibu asiharibu kitambaa.

"Lakini mama, kama ni ya masikio, mbona mliishona hivi kama bangi?" akaniuliza mimi. Kisha akatuandikia karatasi ya kuuchukua mzigo.

Sasa sikia hili, ndilo lililonishikisha kalamu. Nesi Abbo alikuja nyumbani, akaiweka mashine sikioni mwa Mama vizuri kabisa. Alipotaka kuiwasha, Mama akamshika mkono. Amekataa. Anasema kimya chake amekizoea, anaweza kukivumilia kidogo tena, ila sauti ya kwanza kuingia humo lazima iwe ya mtoto aliyeituma. Tumembembeleza kwa ishara, Opendi amepiga magoti, wapi. Baada ya mateso yangu yote ya Busia, bado nyumba nzima tunapiga kelele mpaka koo zinawasha! Kila Jumapili akitoka kanisani ananiomba simu, anaiweka mapajani, anaitazama mpaka chakula kinapoa.

Sikuombi msamaha kwa kukufokea, ulistahili. Lakini aliyekasirika ni mimi, siyo Mama. Usimwadhibu yeye kwa mdomo wangu. Hajasikia neno lako hata moja tangu uondoke, na umri unakwenda. Piga, Daphine. Jumapili, mchana wa huku. Nitakapoona jina lako nitaiwasha mashine, nimpe simu, nitoke nje.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe afya, na akutoe mkono kwenye sindano na uzi.

Opendi anakusalimu sana. Odwori anakusalimu, anaomba usimtumie tena kitu chochote. Abbo naye anakusalimu. Mama peke yake amekataa nimwandikie salamu. Anasema umsalimu wewe kwanza, naye atakuitikia.

Wako akupendaye hata anapofoka,
Dada yako,
Benedeta