Upande Wangu Ni wa Kushoto

Shikamoo Mama. Huku Buffalo jua lipo, ila samaki wao hawaufikii mgebuka hata kidogo.

Jana mwanao Elia aliazima boti ya rafiki yake ili Neema, mjukuu wako, ateleze kwa ubao juu ya wimbi linaloinuka nyuma ya boti. Alijaza maji mifuko ya uzito iliyo ndani, upande wa kushoto, boti ikalala upande huo. Mimi mbio nikahamia kulia, kama ulivyotufundisha kufanya chombo kikilala, tulipovuka ziwa kwenda Kigoma. Wimbi likafa, Neema akaanguka majini. Tukarudia, nikahama tena. Elia akacheka: “Dada, kaa kushoto. Tunataka ilale. Uzito wako ndio tunaoutafuta.”

Nikakaa. Akapunguza mwendo kidogo, wimbi likainuka nyuma yetu, laini, halina povu. Neema akasimama, akaachia kamba ya boti iliyokuwa ikimvuta, akateleza bila kushika kitu.

Sasa bila mimi hawatoki. Wasalimie majirani zako wa huko Beechmont, halafu uje huku kwetu. Tukikaa wawili kushoto, wimbi litamfika Neema kiunoni. Boti ikilala utanishika mkono kama siku ile ziwani, ila safari hii hatumkimbii mtu.

Mwanao akupendaye,
Konsolata