Mfungo Ulioonekana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia kabla hujavaa miwani. Mguu unaendeleaje? Na mama, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila nimechoka, baba. Rozari naisali nimesimama, maana nikikaa tu, nasinzia.

Barua hii anakuletea dada mmoja wa Marangu anayekuja likizo kutoka huku Dubai. Kwenye simu mama angesikia, na haya nataka uyasikie wewe kwanza, kama katekista.

Jumatano ya Majivu ilinikuta kazini. Nikaanza kufunga Kwaresima hapahapa nyumbani kwa madam, kama ulivyotufundisha kigangoni: ukifunga, nawa uso, jipake mafuta, mtu asijue. Nikajipaka mpaka nikang'aa. Mchana nakunywa maji tu, jioni nakula kidogo. Sahani ya mchana nairudisha jikoni imejaa, kimyakimya, huku natabasamu.

Wiki ya pili madam akaniita.

"Kwa nini huli? Una hasira na mimi?"

"Hapana, madam."

"Kuna mtu amekwambia chakula changu kibaya?"

"Hapana, madam."

"Basi yalla, kula!"

Nikabaki nimesimama, natabasamu, kumbe tabasamu ndilo lililomtisha zaidi. Akachukua simu awapigie watu wa ofisi iliyonileta waje wanichukue. Asha, mpishi wetu, mtu wa Tanga, akaacha sufuria akaja mbio.

"Madam, huyu anafunga. Hii ndiyo Ramadhani yao."

Madam akaweka simu chini. Miaka miwili ananiita "wewe". Siku ile akaniuliza jina, akajaribu kulitamka mara tatu mpaka likamkubali. Tangu hapo, jua likizama, ananiletea tende na maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wakija anawaambia, Skolastika anafunga, mashallah. Na ile Ijumaa ya mapumziko niliyoiomba tangu nifike, akanipa. Sasa napanda basi kutoka Deira, naenda kanisani upande wa Bur Dubai kwa Njia ya Msalaba.

Shida ni maji, baba. Madam aliamini tunafunga kama wao, bila hata tone, nami sikumsahihisha. Asha naye akanitia moyo: "Nyamaza, shoga. Ijumaa umeshaipata, unataka nini tena?" Nikanyamaza. Nikawa napiga pasi nguo za watu tisa katika chumba kisicho na kiyoyozi, koo limekauka, na sinywi. Ningeweza kunywa bafuni kwa siri, lakini hiyo niliiona aibu kubwa zaidi.

Ijumaa iliyopita, kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, na mimi nikaanguka kweli. Walinzi wawili wa Kiganda walinidaka wakanikalisha kivulini. Mama mmoja Mkenya alinipepea kwa karatasi ya nyimbo, akawaambia wenzake, "Huyu dada anaomba kwelikweli." Niliona haya mpaka nikalia. Sikuwa namfungia Mungu tena, baba. Nilikuwa namfungia madam, ili aendelee kuniita kwa jina. Wewe ulitusomea habari za wanafiki wanaofunga waonekane na watu, nami nilidhani ni watu wa zamani.

Jana saa saba mchana madam aliingia jikoni. Nikajaza glasi maji, nikanywa mbele yake.

"Umesahau?" akaniuliza.

"Sijasahau, madam. Sisi maji tunakunywa. Nilipaswa kukwambia."

"Siku zote mnakunywa?"

"Siku zote, madam."

Akasema "khalas," yaani basi, akatoka. Jioni tende hazikuja, na asubuhi ya leo ameniita "wewe".

Msalimie mama, na umpe pole ya kikohozi. Msalimie wifi yangu na mtoto wake mchanga ambaye bado sijamwona, na shangazi anayewapikia wanakwaya. Wanajumuiya wetu wote wasalimie, hasa mwenyekiti.

Kesho ni Ijumaa. Asha anasema nisivae nguo za kutokea mpaka nisikie madam amesema nini. Niombee, baba. Usiombe tu niruhusiwe. Omba kwamba nikikatazwa, nisije nikajutia ile glasi ya maji.

Binti yako aliyechoka,
Skolastika