Lita Tano na Nusu

Jumatatu, 14 Mei 2012
Boti tatu leo, zote za kulazwa shedini hadi Septemba. Wenyewe wanakimbia baridi. Baridi gani, Durban? Kazi ileile: washa dakika kumi oili ipate moto, vuta yote, badili filta, jaza mpya. Oili chafu ikilala miezi minne inakula chuma. Hiyo nimejifunzia hapa. Kwetu Kalemie, Kongo, injini hailazwi. Inafanya kazi mpaka inakufa.

Hamisi, fomeni wetu, mtu wa Tanga, bado ananiita Muuaji. Mwaka jana injini moja niliyoilaza haikuamka. Jina hilo nimelibeba mwaka mzima. Nimechoka nalo.

Jumatano, 16 Mei
Boti ya bluu. Mwaka huu nina jagi langu, napima kila kinachotoka. Hamisi anacheka: "Muuaji, sasa unapima oili kama muuza gongo!"

Januari niliweka lita tano. Zimetoka tano na nusu. Injini inakunywa oili, haizai. Rangi ya chai ya maziwa. Maji iko ndani.

"Jaza mpya, funga," amesema Hamisi. "Kesho kutwa inaingia shedi."

"Kaka, sifungi."

"Haya, fungua. Ukikuta nzima, Jumatatu usije."

Kodi ya chumba South Beach, watoto wawili shule. Ningeweza kufunga. Hakuna ambaye angeona.

Alhamisi, 17 Mei
Asubuhi nzima nafungua injini. Hesabu siiogopi. Namwogopa Hamisi.

Saa sita nimekitoa kipoza oili, kile chenye mirija ya kupitisha maji ya bahari. Mrija mmoja umetoboka, tundu la ncha ya sindano. Chumvi imeula. Hamisi amemulika tochi.

"Eish. Agiza kingine, fundi."

Fundi. Mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Ijumaa, 18 Mei
Nilidhani nitafurahi.

Ile injini ya mwaka jana. Siku ile nilikuwa na boti nne. Nilivuta oili moja kwa moja kwenye pipa la taka. Sikupima. Rangi sikuangalia. Labda nayo ilitoa tano na nusu. Mwaka mzima nimewanunia watu.

Nimemwambia Hamisi wakati wa chai. Yote. Amemaliza kikombe chake, amelitoa jagi langu msumarini, amelifuta ndani kwa kitambaa, na ameenda nalo kwenye boti inayofuata.