Swali la Choo kwa Baba Mkwe

Jumamosi, saa nane mchana, Bugene. Jua la kiangazi linachoma bati, lakini upande wa Rwanda kuna mawingu meusi yamekaa tangu asubuhi na hayaondoki. Sijafungua duka. Nimekaa nyuma ya kaunta, mlango nimeurudishia, simu iko juu ya kabati la dawa za kikohozi na ninaiogopa.

Deo, mume wangu, amenitumia ujumbe kutoka hospitali. "Daktari anauliza baba alikuwa anatumia dawa gani nyumbani. Mama anasema hakuna. Wewe unajua lolote?"

Najua. Najua yote. Ndiyo maana nimekimbilia kuandika kwenye blogu yangu hii badala ya kumjibu.

Anayesoma humu kwa mara ya kwanza ajue kwamba nina duka la dawa muhimu, hapa njia ya kwenda Kayanga. Nusu ya wanaoingia dukani wanalia tumbo. Mmoja tumbo linawaka moto akikaa na njaa, mwingine kiungulia kinampanda mpaka kooni akilala, mwingine anasema ni gesi tu, nipe cha kutafuna niende shamba. Nina mdomo, sikatai. Siuzi dawa ya maumivu kabla sijauliza: una vidonda vya tumbo? Ulishawahi kupimwa wale bakteria wa tumbo? Ulimaliza dozi au ulipopata nafuu ukaacha? Na choo chako kina rangi gani?

Hilo la mwisho watu hulichukia. Wananitazama kana kwamba nimewavua nguo. Mimi sijali. Nawaambia choo kikiwa cheusi kama lami, kinanata, kinanuka kuliko kawaida, hiyo ni damu inayovuja tumboni, usije kwangu, nenda hospitali leo hii. Nimewaambia wazee wa kanisa. Nimemwambia mwalimu aliyenifundisha darasa la nne, akaondoka amenuna, na wiki iliyofuata akarudi kunishukuru.

Kuna mtu mmoja tu sikumuuliza.

Baba mkwe wangu anaishi Bweranyange, na kahawa yake na migomba yake. Tangu niolewe sijawahi kumpa mkono. Nikifika napiga magoti mbali kidogo, nasema shikamoo, naye anaitikia marahaba akiwa anatazama migomba. Kiti chake sikikalii. Chumba chake sikijui kilivyo ndani. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mama mkwe, nami nipo palepale nasikia. Si kwamba ananichukia jamani, ananipenda kweli. Kwa watu husema "daktari wetu yuko Bugene" mpaka nikisikia naona aibu, maana mimi si daktari. Ndivyo heshima ya mkwe na mkamwana ilivyo kwetu, na mimi nimelelewa hivyo hivyo kwetu Nyakatuntu.

Sasa mtu wa namna hiyo unamuulizaje habari za chooni?

Baada ya Pasaka mama mkwe alinipigia akasema mzee mgongo unamuuma, hawezi kuinama. Nikafunga vidonge vya diklofenaki kwenye bahasha, nikampa dereva wa bodaboda anayekwenda kule. Vikamsaidia. Wakaomba vingine nikatuma. Wakaomba tena nikatuma. Sikuuliza habari za tumbo hata mara moja, kwa sababu nilijua swali la tumbo linakuja na la choo nyuma yake, na mimi sikutaka kufika huko. Nilijitia hamnazo. Nikajiambia mzee ni mgumu, anakula matoke na maharage yake, ana shida gani.

Wiki mbili zilizopita mama mkwe akaniambia kwenye simu kwamba siku hizi mzee akienda shamba anakaa chini mara mbili njiani, na midomo yake imepauka. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Badala yake nikafanya udaktari wangu, nikatuma vidonge vyekundu vya kuongeza damu.

Nilikuja kushtuka siku chache baadaye, nikiwa napanga dawa hizo hizo kwenye kabati. Vidonge vya kuongeza damu vyenyewe hufanya choo kiwe cheusi. Kila mama mjamzito ninayempa namwambia asiogope. Maana yake kama mzee alikuwa anavuja damu tumboni, ile dalili moja ambayo ingenionyesha, nimeifunika kwa mkono wangu mwenyewe. Ilibaki kitu kimoja tu cha kujua: weusi ulianza lini, kabla ya vile vyekundu au baada?

Jumatano nilifunga duka mapema nikaenda Bweranyange. Nilipopiga magoti nilimwibia jicho. Ngozi imekuwa ya kijivu, na alipofikicha jicho akalivuta chini, ndani yake hakukuwa na wekundu wowote. Nikaomba kwenda chooni. Nitaandika hili kwa sababu nimeahidi kuandika ukweli humu. Niliwasha tochi ya simu nikamulika ukingo wa tundu. Nilichokiona kilikuwa cheusi, kimenata kwenye gogo, kinang'aa, na harufu ile naijua. Nikatoka mbio nikasimama kwenye migomba.

Lakini akili ni mwongo. Ikaniambia labda ni vile vyekundu. Labda ni vyekundu tu.

Nikampigia Deo, ambaye anafundisha kule Kyerwa na hurudi mwisho wa wiki. Nikamwomba amuulize baba yake. Akamuuliza kwa simu, kisha akanirudia anacheka. Mzee kamjibu kwamba choo chake ni kizima kuliko cha walimu. Nikamgeukia mama mkwe. Akanishangaa kweli kweli, akasema mwanangu, nani anachungulia shimoni?

Kwa hiyo nililala pale Bweranyange, na Alhamisi asubuhi nikamuuliza mwenyewe.

Alikuwa peke yake kwenye turubai la kahawa, anageuza kahawa ya maganda kwa mti, polepole, anapumzika kila baada ya mistari miwili. Nilipiga magoti pembeni. Sikusubiri atazame migomba.

"Baba, nisamehe kwa ninachouliza. Choo chako ni cheusi tangu lini?"

Mti ulisimama. Nilidhani atanifukuza. Nilishaanza kupanga nitamwambia nini mama yangu nikirudishwa Nyakatuntu na begi langu. Akajibu akiwa anaitazama kahawa, si mimi.

"Tangu kabla hatujaanza kuchuma. Tangu zile dawa zako za mgongo. Nikajua zinanisafisha, uchafu wa zamani unatoka. Nikafurahi."

Alifurahi. Miezi yote hiyo anatoka damu, yeye anafurahi kwamba mkwe wake anajua kazi. Akaendelea mwenyewe. Akasema zamani alipimwa akaambiwa ana wadudu wa tumbo, akapewa dawa nyingi, akanywa siku tatu, tumbo likatulia, akaacha. Zilizobaki akampa jirani aliyekuwa na tumbo kama lake. Kila swali ninalomuuliza mgeni wa njiani humu dukani, majibu yake yalikuwa kwake, yananingoja tangu Pasaka.

Nikamwambia asimeze tena vile vya mgongo, na twende hospitali siku hiyo hiyo. Hapo ndipo alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akanisoma yote.

"Usiseme zilitoka kwako," akasema. "Mama Deo nitamkataza. Ukoo wangu ninaujua."

Kuhusu hospitali akasema atakwenda Jumamosi Deo akirudi, kahawa ikishaingia ndani. Nilibishana naye, lakini si kwa nguvu zangu zote. Huo ndio ukweli ambao haunipi usingizi. Aliposema nisijitaje, kuna kitu kifuani kilitulia. Niliinuka pale na maganda ya kahawa yamenigandia magotini, na nilikuwa nimepata nafuu. Nafuu! Nikarudi Bugene, nikampigia Deo nikamwambia baba ana upungufu wa damu, akapimwe. Diklofenaki sikuitaja. Cheusi sikukitaja. Yeye akasikia upungufu wa damu, akasema sawa, Jumamosi, mbona keshokutwa tu.

Jana Ijumaa asubuhi mzee alitapika. Mama mkwe alidhani ni kahawa anayotafuna, kwa sababu kilichotoka kilikuwa kama kahawa iliyosagwa. Hakushtuka mpaka ya pili ilipotoka nyekundu. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya vijana wawili, kichwa chake kimelala begani kwa dereva. Nilipofika hospitali alikuwa ameshatundikiwa damu. Deo alifika jioni na vumbi la chaki bado mikononi. Kesho, kama atakuwa na nguvu za safari, watampeleka Bukoba wakamwingize kamera tumboni waone panapovuja.

Nililala kwenye korido na mama mkwe. Huko korido ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Ndugu walishaanza kuhesabu mzee alikunywa pombe wapi mara ya mwisho, wakafika kwa mzee Kamugisha, jirani yake wa mpaka wa shamba, aliyeozesha binti mwezi uliopita. Mmoja akasema kalishwa kitu kwenye rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusini. Hakuna aliyebisha. Kufikia alfajiri haikuwa tena "labda". Binamu wawili wa Deo waliondoka wakisema wanakwenda Bweranyange "kuongea naye". Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye benchi, khanga nimejifunika mpaka puani. Mama mkwe naye kimya, kwa sababu kakatazwa. Hakunitazama.

Halafu, kabla hakujapambazuka vizuri, mama mkwe akanivuta nyuma ya jengo. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na karatasi yangu ya vidonge, imekunjwa. Mzee aliificha kwenye mfuko wa koti. Mgongo ulimsumbua kwenye kile kitanda, akaomba koti lake, akameza kimoja. Damu ya watu inaingia mkononi, na dawa yangu inaingia mdomoni. Aliniambia kwamba mzee alisema kimoja hakiwezi kumdhuru, kwani kimetoka kwa daktari wetu.

Na unajua nilifanya nini? Niliitia ile karatasi kwenye pochi, nikapita mbele ya chumba cha wauguzi, nikamwambia Deo naenda kufungua duka kidogo. Nikapanda bodaboda.

Ipo hapa mbele yangu kwenye kaunta. Kile kitobo kipya bado kina ncha kali.

Nimejaribu kujitetea tangu nifike. Nimesema vidonda alikuwa navyo zamani. Nimesema ni wale bakteria, dozi hakumaliza, kosa lake. Inaweza kuwa kweli yote hayo. Lakini kama ningemuuliza Pasaka lile swali ninalowauliza watu wote, nisingetuma kidonge hata kimoja. Heshima yangu kwake ilinifunga mdomo, na heshima yake kwangu inataka kumzika. Na mzee Kamugisha, ambaye kosa lake ni kutukaribisha harusini, huenda sasa hivi anabishiwa hodi na vijana wawili wenye hasira.

Mawingu yamesogea. Kahawa ya mzee bado iko kwenye turubai, wote wako hospitali, hakuna wa kuianua. Mvua ya kiangazi haina adabu.

Nimeichukua simu. Nimeandika hivi, nanakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliandika vizuri zaidi:

"Deo. Baba alikuwa anameza diklofenaki tangu Pasaka. Mimi ndiye nilikuwa natuma. Leo alfajiri amemeza kingine hapo hapo wodini, mwambie daktari sasa hivi usingoje. Ana choo cheusi tangu kabla ya mavuno. Aliwahi kuwa na wadudu wa tumbo, dozi hakumaliza. Mama anajua, usimlaumu, baba alimkataza. Wapigie simu kina binamu zako warudi. Mzee Kamugisha hajafanya kitu. Ni mimi."

Nimetuma.

Alama mbili zimekuwa za bluu mara moja, alikuwa ameishika simu mkononi. Pale juu pakaandika kwamba anaandika. Pakaacha. Pakaandika tena, pakaacha. Sasa hakuna kitu. Nimempigia, haipokelewi. Nimempigia mama mkwe, haipokelewi.

Matone ya kwanza yameanza kugonga bati. Nafunga duka narudi hospitali, na karatasi ya vidonge naibeba mkononi, siiweki kwenye pochi. Nitapiga magoti kando ya kitanda kama siku zote na kusema shikamoo. Je, nitasikia marahaba?