Pikipiki ya Kufika kwa Yaya

Bukavu, Nguba, tarehe 6 mwezi wa tano 2024

Yaya Consolate,

Uko muzima? Mama anakula vizuri? Sisi hapa tuko salama, ni mvua tu ndiyo inatusumbua. Philémon bwana yangu anakusalimia.

Yaya, wewe mukubwa wangu, kaa chini kwanza. Nimenunua pikipiki. Haiko ya kubeba watu mujini, ni ile ya pori, Yamaha ya miguu mirefu, kama ile nilikuwa napanda wakati nachanja watoto kule Mwenga. Ilikuwa ya projet moja ya afya iliyofunga, ikalala muda murefu chini ya bâche ya plastiki nyuma ya bureau yao. Philémon alipoiona kwenye parcelle yetu, mbele ya mulango, aliizunguka, akaniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni yangu. Akaingia ndani.

Unajua tangu ile ajali ya pikipiki iliyovunja muguu wangu sikupanda tena hata ya taxi. Na unajua tangu wakati ule sijamwona Mama, miaka saba sasa. Ndege inatua Shabunda, na kutoka pale kufika kwenu ni kutembea, na muguu wangu hautembei namna ile. Kila mwaka nasema njia itatengenezwa. Nimechoka kuingojea. Jua likikausha matope, mwezi wa saba, nakuja.

Mudogo wako,
Monique

*

Ng'ambo ya Kigulube, tarehe 27 mwezi wa tano 2024

Mudogo wangu Monique,

Barua yako imeletwa na Zagabe, ule anayetuuzia chumvi na sabuni. Alivuka nayo muto ikiwa ndani ya kofia yake. Tunashukuru Mungu, tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo, na bado anagombana na kuku.

Sasa unisikilize. Usije. Mimi ni infirmière, natunza wagonjwa, niliona ile radio, picha ya mifupa ya muguu wako, nilikaa pembeni ya kitanda chako mpaka ulipoweza kusimama. Umekaribia miaka makumi tano. Huku kuko barrière za wanajeshi, kuko madaraja ya miti miwili tu. Ukianguka katikati ya pori, nani atakubeba? Mimi sitaweza. Hapa hatukosi kitu. Mama anajua unamupenda.

Uza ile machine, ununue kitu cha kusaidia nyumba.

Yaya wako,
Consolate

*

Bukavu, Nguba, tarehe 19 mwezi wa sita 2024

Yaya mupenzi,

Mwili unaendeleaje? Na ile malaria ya Mama, haikurudi? Mimi niko na nguvu, isipokuwa mapaja yananiuma, na utaelewa kwa nini.

Usikasirike. Sikuiuza.

Ilikuwa imepangwa kwa mwanaume murefu mwenye miguu miwili mizima, basi tumeipanga upya kwa ajili yangu. Thierry, fundi wa Panzi, alipunguza sponji ya kiti mpaka vidole vyangu vikagusa chini. Kifundo cha muguu wa kuume hakikunjiki, kwa hiyo breki ya nyuma nilikuwa naikosa; alikata pédale, akaichomelea chini zaidi na kuitia bamba pana, sasa naikanyaga kwa kushusha muguu wote. Carburateur ilikuwa imejaa uchafu muzito kama supu ya maharagi. Pignon ya mbele, ile inayovuta munyororo, tulitoa, tukaweka ya meno machache: kwenye lami inakuwa polepole, lakini kwenye mulima haichoki. Na kick ya kuiwasha nimejifunza kuipiga na muguu wa kushoto, nikiwa nimesimama pembeni. Vijana wa parking walicheka. Nikawaacha wacheke, ikawaka.

Siku ya kwanza kuipanda niliiwasha, nikaizima. Nilikaa palepale juu yake, nikalia kidogo, nikawasha tena. Siku hizi nafanya mazoezi kwenye mulima wa Nyangezi. Nimeanguka. Kisha nikaanguka kwa makusudi, kwenye majani, ili nijue kuiinua peke yangu: unaipa mugongo, unashika kiti na usukani, unasukuma na mapaja. Kiuno hakifanyi kazi.

Philémon hakutaka hata kuitazama. Juzi alirudi kutoka kazini, akaweka juu ya meza suruali ya mvua na gants za kukinga mikono. Akasema, «Siku ya ile ajali nilikungoja mbele ya urgence ya hospitali usiku kucha. Usinirudishe pale.» Nikamuahidi nitaenda polepole. Kuahidi kwamba sitaenda, nilikataa.

Mumuambie Mama.

Mudogo wako,
Monique

*

Ng'ambo ya Kigulube, tarehe 4 mwezi wa nane 2024

Yaya Consolate,

Umelalaje kwenye kitanda changu? Docteur wa macho ameshakupa siku ya kupasuliwa? Mama iko muzuri. Jana alimaliza sahani ya majani ya sombe, akaniambia nimeweka chumvi kama mutu wa muji. Télesphore, musaidizi wako, anaendesha centre de santé yako, anatibu wagonjwa bila shida.

Mule njiani, nilipokuwa nakushusha Bukavu, hatukuongea. Matope hayakutupa nafasi. Acha niseme sasa.

Ile siku nilifika kwako nilikuwa nimelowa mpaka mifupa. Pale kwenye muto niliizima, nikalipa vijana waibebe juu ya miti, nikavuka nyuma yao maji yakinifika kifuani. Kwenye barrière ya mwisho mwanajeshi mumoja alitazama muguu wangu, akauliza nani alinituma. Nikamujibu hakuna aliyenituma. Akafungua.

Nikazima mbele ya nyumba yako. Ulitoka ukishika ukuta. Nilikuwa karibu nikuguse, na ukauliza, «Ni nani?»

Nilidhani unanichezea. Mama ndiye alinieleza kwamba huoni tena: muda wote huu unatambua dawa kwa kugusa vikopo, Télesphore anakusomea barua zangu na kuandika majibu yako. Ile «usije» yote ilikuwa hiyo. Uliogopa nikijua nitaharakisha na nitaanguka. Yaya, miaka saba mimi nilikuwa nangoja njia, kumbe giza lilikuwa linakuingia machoni.

Asubuhi ulikataa kupanda. Ukaniuliza nani atabaki na Mama. Nilikuambia, «Mimi. Nakufikisha, narudi.» Nimekufikisha, nimerudi. Ile njia niliyoiogopa nimeipita mara tatu sasa.

Utii docteur, hata kama wewe pia unajua dawa.

Mudogo wako,
Monique

*

Bukavu, Nguba, tarehe 22 mwezi wa nane 2024

Mudogo wangu,

Nakusalimia wewe na Mama, na Télesphore, na wagonjwa wangu wote. Afya yangu nitakuambia mara moja: jicho la kuume limepasuliwa, juzi wametoa bandage. Naandika mwenyewe. Uvumilie mistari inayopanda na kushuka.

Kitu cha kwanza niliona ni kucha za infirmière, rangi nyekundu imebanduka. Nikamuambia aitengeneze, akacheka. Kisha nikamuona Philémon. Amezeeka sana na hakuna hata mumoja wenu aliyeniambia. Kila jioni ananitoa kwenye baraza, ananionyesha ziwa kama ni yeye alilimwaga pale.

Nilikuwa na hasira na wewe njia nzima, ujue hivyo. Nilisikia machine inapanda, nasikia pumzi yako, unaniambia niiname kushoto, nainama. Pale tulipoanguka, nilikusikia unaiinua peke yako, unaguna. Ndipo hasira iliisha. Nilikaa kwenye matope nikiwaza: huyu alitoka kitandani ambapo nilimulisha na kijiko.

Jicho la pili ni mwezi ujao. Élodie, binamu yetu, mutoto wa tonton, amekubali kukaa na Mama. Atapanda huko pamoja na Zagabe. Akifika, wewe ushuke, kabla ya mvua kubwa.

Monique, nilikaa siku mbili nyuma yako nimeshika tumbo lako. Mugongo wako naujua, kikohozi chako nakijua. Sura yako sijaiona. Mara ya mwisho ilikuwa imevimba, juu ya mito ya hospitali.

Ukifika hapa, usiniite kutoka barabarani, usipige klaksoni. Toa kofia, ingia, usimame mbele yangu, unyamaze. Niache nikutambue kwa macho.

Yaya wako,
Consolate